Mama Ghala na Nyuzi za Rangi Tatu

Ghala lake lilikuwa na milango mitatu, na katika miaka yote niliyomjua sikumwona hata mara moja akitokea mlango aliouingilia. Asubuhi aliingia kwa mlango wa mbele, ule unaotazama kichochoro cha msikiti wetu hapa Kitale. Saa sita alitokea ubavuni, kwenye mashine ya kusaga. Jioni, ukidhani bado yuko ndani na wachukuzi wake, ulimkuta sokoni kwa wauza samaki, ametokea nyuma. Siku moja nilimuuliza sababu. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekamatwa nikichungulia.

"Na wewe Mwalimu, kwa nini unataka kujua?"

Nikaenda kuswali na shaka yangu, nikarudi nayo.

Nianze kwa kukiri. Mama huyu nilimshuku kwa miaka mingi, tena kwa bidii, kama mtu anayetimiza wajibu. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nimefundisha watoto wa mji huu hadi nikafundisha watoto wao, na kila mwaka niliwaambia kwamba baadhi ya dhana mbaya ni dhambi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa subira yake kwa walimu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti ya nani. Sikuwahi kumuuliza, na nadhani asingenijibu. Sote tulimwita Mama Ghala. Kazi yake ilikuwa kununua maharagwe ya wakulima wa Kimilili, Bumula na Myanga, kuyaleta Kitale, kuyachagua na kuyapakia, kisha kuyapeleka Juba, Sudan Kusini, kwa wanunuzi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kupakia lori na kungoja. Lakini kati ya Kitale na Juba kuna mipaka, mito, askari, wezi wa barabarani na serikali zinazoamka na amri mpya. Mama Ghala aliishi kama mtu anayejua kwamba kimojawapo kati ya hivyo kitamgeuka leo, ila hajaambiwa ni kipi.

Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, alikwenda kwa akina mama wanaouza samaki wakavu kutoka Turkana.

"Samaki imekuja?"

"Imekuja, Mama."

"Imekuja lini?"

"Jana."

"Uliiona ikishuka ama uliambiwa?"

Akishajibiwa, aliokota samaki mmoja, akamnusa, akamrudisha, akaenda kwa muuzaji wa pili na maswali yale yale. Kisha wa tatu. Hakununua kamwe. Nakumbuka mmoja wao alimpigia kelele soko zima likasikia, "Mama Ghala, leo nunua hata moja bana! Umezinusa mpaka harufu imeisha!" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akaendelea kunusa.

Mimi niliona jambo jingine. Niliona mtu anayewahoji maskini kila siku bila kuwanunulia kitu, na moyo wangu ukasema hapa kuna ujasusi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba samaki wale walishuka kwa barabara ile ile ambayo maharagwe yake yalipanda. Samaki wakija wamechelewa siku tatu, kuna kitu huko juu, na redio bado haijasema. Hata hivyo sikufurahi nilipoelewa. Nilijiuliza mtu mwema anahitaji kujua mambo mapema hivyo kwa nini.

Alikuwa na simu nne, na hakuamini hata moja. Aliwapa chai watu wote waliopita, hata wale waliokuja kumgombeza, lakini yeye mwenyewe hakunywa chai ya mtu. Alitembea na chupa yake. Kanisani kwake, niliambiwa na waliosali naye, aliimba amefumba macho, na hapo ndipo mahali pekee alipoyafumba mbele za watu. Aligombana na wachukuzi wake kutwa, na mmoja wao akifiwa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mtu wa namna hiyo utamweka fungu gani? Nilijaribu kumweka kwenye fungu la wema, akatoka. Nikamweka kwenye fungu la wajanja, akatoka pia, kwa mlango mwingine.

Kuna wakati aliingiwa na wazimu wa magunia makuukuu. Alinunua magunia yaliyotumika, yaliyochanika, yenye unga wa mwaka juzi, akayafua na kuyaanika kwenye ua unaotazamana na msikiti. Waumini walilalamika kwangu, nami nikavuka kichochoro.

"Mama, watu wanaingia kuswali wanakutana na matambara."

"Si yananuka sabuni? Mimi nimefua na sabuni ya kutosha."

"Kwani magunia mapya yamekwisha dukani?"

"Bado. Ndio nafua sasa."

Haikupita miezi mingi, meli zikaanza kuzunguka bara zima kukwepa vita vya baharini. Mbolea ilichelewa, na magunia mapya yakachelewa pamoja nayo. Wapakiaji wengine wa mji walikaa na maharagwe yamemwagwa sakafuni, wakipiga simu Mombasa. Mama Ghala alimwambia tu msimamizi wa wachukuzi wake, Wekesa, apande darini ateremshe mafurushi. Hakujisifu. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni pa msikiti nikijiuliza nani anamwambia huyu mama mambo ya bahari, na bahari yenyewe hajawahi kuiona.

Lakini lililonisumbua zaidi lilikuwa chakula chake kilichofichwa. Watu waliotoka Bumula walinieleza kwamba huko kuna nyumba ambazo wenyewe wanalala wamepakana na magunia ya Mama Ghala. Kimilili pia. Yamepangwa chini ya vitanda na nyuma ya viti vya sebuleni, yamefunikwa vitambaa vya kufuma kama fanicha. Katika dini yetu, kukishikilia chakula cha watu ukingojea njaa iwabane ni dhambi kubwa, na nimeisomesha dhambi hiyo kwa sauti ya juu. Nikamwendea.

"Mama, nimesikia umeficha maharagwe Bumula."

"Ni kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Na Kimilili pia," akaongeza. "Na kwingine sikuambii."

"Kwa nini?"

"Hapo msikitini mko na tangi ngapi ya maji?"

"Mbili."

"Na mfereji iko?"

"Upo."

"Sasa hiyo tangi mbili mmefichia nani?"

Hata hivyo sikuridhika. Nilingoja nione kama atayatoa magunia yale bei ikipanda. Bei ilipanda, hakuyatoa. Badala ya kunituliza, jambo hilo lilinizidishia shaka: kama si ya kuuza, basi ni ya nini?

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia ghalani.

Wakulima wa Kimilili na Myanga walianza kunung'unika. Walimpa maharagwe yao mazuri, yamekaushwa vizuri, kila gunia limeandikwa alama ya mwenyewe kwa rangi ubavuni, kisha hawakujua tena yalikokwenda. Mkutano uliitishwa Kimilili. Aliyesema zaidi alikuwa Wafula, mkulima wa Myanga, mtu mpole asiyependa kusimama mbele za watu. Alisema, "Sisi hatusemi Mama ni mwizi. Tunasema tu tunataka mtu wetu ndani ya hiyo ghala."

Mama Ghala akajibu palepale, "Leteni. Lakini mlete mtu anaogopa Mungu. Msiniletee mtu anaogopa mimi."

Watu wakacheka, na Wafula akanitaja. Mimi na yeye hatukuwa dini moja wala kabila moja. Ila aliwahi kumleta mkewe hospitali ya Kitale, wakakosa pa kulala, nami nikawapa chumba cha wageni kwa wiki mbili. Kwa ajili ya chumba kile aliniamini. Basi nikawa shahidi wa wakulima, mwenye kiti changu kando ya mizani, na mwezi wa kwanza tu Mama Ghala akanipa ufunguo wa mlango wa ubavuni bila kuniuliza lolote. Mtu anayewahoji wauza samaki watatu kuhusu barabara moja, ananikabidhi ufunguo! Nililala vibaya siku hiyo. Nilidhani ni mtego.

Kazi ya ghalani niliijifunza kwa macho. Magunia yakishapimwa, yalishonwa midomo kwa sindano ya gunia na uzi wa rangi. Uzi wa buluu ulimaanisha lori la Malaba, linalopita Bungoma na kuingia Uganda. Uzi wa kijani ulikuwa wa Suam, kwa kuzunguka mlima. Uzi mwekundu ulikuwa wa kaskazini, Kapenguria na Lodwar hadi mpakani. Njia zote tatu zilimaliza safari Juba. Hilo nililielewa upesi, na nilikumbuka mwaka ule wa barakoa malori yalipopanga foleni Malaba siku baada ya siku, na maharagwe yake yakapita Suam.

Nisichokielewa ni namna alivyogawa. Mtu akileta magunia kumi na mawili, Mama Ghala hakuyaacha pamoja. Manne aliyashona buluu, manne kijani, manne mekundu. Kila mkulima alikatwakatwa hivyo hivyo. Malori yakiondoka, kila moja lilibeba kidogo cha kila mtu, kama kapu la sadaka.

Nilimuuliza Wekesa.

"Hiyo ni Mama tu, Sheikh. Ukiuliza anakuuliza."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona mgongo inauma."

Nikakaa kwenye kiti changu nikafikiri. Mali ya mtu ikiwa pamoja, gunia moja likipotea pengo linaonekana. Ikitawanywa njia tatu, nani atagundua? Ukitaka kumega kidogo kidogo kwa watu hamsini, si utafanya hivi hivi? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona wazi. Nikamuuliza Mama Ghala mwenyewe kwa nini hawaelezi watu.

"Nikiambia watu lori inapita wapi na imebeba ya nani, hata wezi ni watu," akasema, akarudi kushona.

Nililichukua jibu lile kama la mtu anayekwepa.

Msimu wa mvua za masika, dada yake Mama Ghala alilazwa hospitali Bungoma, naye akaenda kumwuguza. Malori matatu yalikuwa yaondoke siku ya tano. Magunia yalikuwa tayari yameshonwa kwa mkono wake. Aliniachia ghala kwa maneno machache: "Mwalimu, Wekesa anapakia kwa rangi. Wewe angalia tu."

Niliangalia siku moja. Siku ya pili nilichukua kisu kidogo.

Naandika hili polepole kwa sababu sitaki kujipendelea. Nia yangu, wakati ule, niliiona safi. Amana ni kila mtu apewe chake, kikiwa kizima, kikionekana. Nilikata nyuzi za magunia yasiyopungua mia, nikayakusanya kwa alama za wenyewe, nikayashona upya kwa mikono yangu. Watu wa Kimilili wote nikawashona buluu. Wa Bumula kijani. Waliobaki, na Wafula miongoni mwao, nikawashona uzi mwekundu. Vidole vilitoka damu. Nilipomaliza, kila mtu alikuwa fungu moja, zuri, unaweza kulinyooshea kidole na kusema hili ni la fulani. Nilimhimidi Mungu kwa kunipa nguvu za kutengeneza alichokivuruga yule mama.

Wekesa alisimama na gunia begani, akaangalia rangi.

"Sheikh, Mama amesema?"

"Nimesema mimi."

"Sawa bana. Wewe ndio wa Mungu."

Malori ya Malaba na Suam yalifika Juba salama. Lori la kaskazini lilikuta mto wa mchanga umejaa maji, mmoja wa ile mito inayokaa mikavu mwaka mzima hadi siku mvua inaponyesha milimani. Dereva alidhani atapita. Yeye na mwenzake walitoka wazima, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapokumbuka. Lori lililala ubavu majini siku nne. Lilipovutwa nje, maharagwe yalikuwa yamefura, mengine yameanza kuota humo humo magunia.

Wafula alikuwa na magunia kumi na moja. Kumi na moja yote yalikuwa mekundu. Kwa kuwa msimu ulikuwa mzuri na aliamini mtu wake yuko ndani ya ghala, hakubakiza hata ya mbegu.

Kama nisingeshika kisu, angepoteza matatu au manne, na kila mkulima angepoteza kidogo, wakalalamika, wakapanda tena. Hesabu hiyo mtoto wa madrasa angeifanya. Mimi niliifanya baada ya lori kuanguka.

Wakulima walikuja Kitale. Mama Ghala alikuwa amerudi kutoka Bungoma siku hiyo hiyo, bado na nguo za safari. Magunia matupu yaliyookolewa majini yalikuwa yamelundikwa mlangoni, na alipita hapo kwanza, akainama, akashika uzi uliobaki mdomoni mwa gunia moja, akaupitisha vidoleni, akauachia. Kisha akaingia.

Wafula hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama, umenimaliza," alisema. "Ya watu wa Kimilili na Bumula imefika. Ya kwangu yote imeenda na maji. Sasa mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Si ulikuwa unachanganya? Watu wakasema unaiba kwa kuchanganya. Safari hii hukuchanganya, ukaniweka mimi na yangu yote kwa hiyo njia mbaya. Ni kwa sababu nilisema kule mkutano?"

Watu wakanguruma. Mama Ghala akageuza macho taratibu ghala zima, kwa Wekesa, kisha kwangu, na yakakaa kwangu kidogo. Wekesa aliangalia miguu yake. Mimi nilifungua kinywa. Nakumbuka kukifungua.

"Gunia zilikuwa kwa ghala yangu," akasema. "Kosa ni yangu. Mniseme mimi."

Nikakifunga.

Wakamsema. Walimsema saa nzima, na wengine hawakurudi tena na maharagwe yao. Wafula aliniaga mimi kwa mikono miwili akaniambia, "Asante Mwalimu, najua ungezuia kama ungeweza." Baadaye nilisikia amekodisha shamba lake, sehemu kubwa ya chini, kwa mtu wa miwa, kwa miaka kadhaa, kwa kuwa hakuwa na cha kupanda. Alibaki na kipande kilicho karibu na nyumba. Alinipigia simu siku moja akiwa na furaha: asubuhi pikipiki imemletea gunia la mbegu, hakuna jina, hakuna barua. "Mungu ameniletea, Mwalimu." Nikasema amin. Nikakisia ni kanisa fulani.

Mtu atauliza nilikuwaje na amani. Sikuwa nayo, lakini nilikuwa na kitu kibaya kinachofanana nayo. Nilijiambia kwamba Mama Ghala amenyamaza kwa sababu zake. Mwenye mikono safi, nilijiambia, angepiga kelele, angetafuta aliyeshona. Kunyamaza kwake ni ushahidi kwamba ana lingine analolificha, kubwa kuliko langu. Miaka kama miwili nililala juu ya mto huo. Niliendelea kukaa kwenye kiti changu kando ya mizani. Alirudia kugawa magunia njia tatu, nami sikugusa tena uzi, na hatukuzungumza juu yake. Wekesa naye hakusema. Kila aliponiita Sheikh nilisikia kama ananikumbusha.

Mwaka jana magoti yalimshinda. Ghala alimwachia mpwa wake, akarudi Bumula. Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilimwambia mke wangu nakwenda kumjulia hali, na nikaenda kweli, ingawa nilikuwa na neno jingine kifuani.

Nilimkuta sebuleni, miguu ameinyoosha juu ya gunia la maharagwe lililofunikwa kitambaa cheupe. Mengine yalipangwa ukutani hadi dirishani. Chai aliniandalia yeye mwenyewe, akijikokota, na aliniangalia nikiinywa.

"Mwalimu wa Kitale. Umekuja kuona kama nimeficha mengine?"

"Nimeyaona."

"Si ndiyo hayo. Keti."

Nilikaa. Nilisema bila kuzunguka, kwa kuwa nilijua nikizunguka nitatokea mlango mwingine. Nilisema mimi ndiye niliyekata nyuzi, mimi ndiye niliyemshona Wafula mwekundu, na kwamba nilinyamaza yeye aliposimangwa kwa kosa langu.

Aliweka kikombe chini.

"Najua."

"Wekesa alikuambia?"

"Wekesa hata leo hajasema, maskini. Sikuambiwa, niliona. Mimi nashona msalaba. Hizo gunia zilikuwa na fundo kila tundu la tatu. Nani hapo Kitale anashona hivyo? Mimi nimekuona miaka mingapi ukishona vitabu vya watoto hapo barazani?"

Niliinua mikono yangu nikaitazama. Ni kweli. Vitabu vya madrasa vikichanika huvishona mwenyewe, fundo kila tundu la tatu, jinsi nilivyofundishwa na mwalimu wangu. Niliyashona magunia kama juzuu.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikauliza, na hata wakati huo, Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilikuwa imetega sikio isikie siri yake.

"Ningesema nini? Siku hiyo watu walikuwa wamekosa imani na mimi. Hiyo ni lori moja imeanguka. Ningesema ni Mwalimu, na wewe ungeanguka. Wangebaki na nani hapo ndani? Wangeuzia madalali wa barabarani, wamalizwe. Nikaona wewe ubaki kwa barabara."

"Kwa hiyo uliniweka akiba."

"Nilikuweka akiba," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Lakini uliniudhi, Mwalimu. Kushona mia kwa siku mbili, na mistari imenyooka! Mimi sijawahi kupata mchukuzi anashona hivyo."

Nilimuuliza kuhusu pikipiki ya Myanga na gunia la mbegu. Alielekeza kidevu ukutani, mahali ambapo safu ya magunia ilikuwa na pengo, na pengo lile lilikuwa halijazibwa. Ni yale magunia niliyoyaita dhambi kwa sauti ya juu.

Mvua ilianza kunyesha, ikaacha. Nilimwambia nimepumua, kwamba nashukuru Mungu amenipa uhai hadi nikaisema.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Sasa nani hajui?"

Nikaweka kikombe changu kando.

"Ghala si yangu tena. Hiyo mzigo yako sibebi mpaka kaburini, magoti yenyewe unaona. Kutoka hapa mpaka Myanga ni karibu. Leo bado kuna mwanga."

"Nitakwenda, Mama. In sha Allah."

"Hiyo naijua pia. Watu wengi wameniambia watafika." Akachukua simu mbili kati ya zile nne zilizokuwa mkekani. "Enda tu. Mimi nitajua kama umefika."

"Utajuaje?"

"Nitauliza watu watatu."

Nilipanda pikipiki. Nilipoteremka Myanga sokoni, mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinitazama kofia na ndevu, akasema kwenye simu, "Ndio, ameshuka. Hapana, sijaambiwa, namuona." Nilipofika kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, panapokatia njia ya kwenda kwa Wafula, fundi alivua miwani yake akanipungia mkono, na simu ilikuwa sikioni.

Njia ilipita katikati ya miwa. Ilikuwa mirefu kunizidi, imestawi, ya mtu mwingine, na chini yake ilikuwa ardhi ya Wafula. Mbele ya nyumba, kwenye turubai, palianikwa maharagwe mekundu ya kile kipande kilichobaki. Si mengi. Wafula alikuwa amechutama akiyageuza kwa kiganja. Aliponiona alisimama na uso uliofunguka, kama siku ile niliyompa ufunguo wa chumba cha wageni, na simu ikaanza kuita mfukoni mwake.

"Mwalimu! Karibu, karibu sana." Akaitoa, akaitazama. "Ni Mama Ghala. Sijui nini leo, hajawahi kunipigia tangu ile siku." Akaipokea, akasikiliza, kisha akaifunika kwa kiganja. "Ananiuliza kama umefika. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimefika," nikasema. "Kisha keti hapa, ndugu yangu. Nimekuja kwa ajili ya yale magunia."